Nikiiona naijua, ila kwenye mtihani sikumbuki

Kila semista ikikaribia kuisha ofisi yetu ya ushauri wa wanafunzi inajaa watu wa mwaka wa kwanza na wengi wanakuja na swali lile lile, nimesoma sana, nimekesha, mbona nikiingia kwenye mtihani kichwa kinakuwa cheupe? Hawa sio wavivu jamani, naomba hilo lieleweke mapema maana wengi wanafika wameshajihukumu kwamba hawana akili. Wanachokosea ni namna ya kusoma, na hakuna mtu aliyewahi kukaa nao chini akawaelekeza, sekondari mwalimu alikuwa anakufuatilia, anatoa zoezi, anasahihisha, anauliza tena kesho yake, huku chuo unapewa lekcha na orodha ya vitabu basi mengine utajijua.

Semista iliyopita alikuja binti mmoja wa masomo ya afya, daftari lake la fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, limepakwa njano na pinki kila mstari mpaka huoni kipi ni cha muhimu na kipi sio. Mada ya figo kaisoma mara sita. Nikamwomba daftari, nikalifunga, nikampa karatasi nyeupe nikamwambia nichoree safari ya maji kutoka kwenye damu mpaka yanakuwa mkojo. Akaandika nefroni, vile vichujio vidogo vidogo vya ndani ya figo. Akaandika glomerulasi, kile kifundo cha mishipa midogo ya damu ambapo kuchuja kunaanzia. Peni ikasimama hapo, zikapita kama dakika mbili, machozi yakaanza kumlengalenga akasema, lakini mwalimu hii mimi naijua, nikiiona naijua kabisa.

Nikiiona naijua. Hilo neno nalisikia karibu kila siku na ndilo linalowaangusha watu. Kuna mtu unapishana naye njiani kila asubuhi, ukimuona tu unamjua, sasa mwambie mtu mwingine akuulize huyo jamaa pua yake ikoje, unakwama. Noti ni hivyo hivyo, ukizirudia mara ya tatu macho yanateleza bila kukwama popote, unahisi mambo yameingia, kumbe umezoea tu sura ya ukurasa, na kwenye mtihani huo ukurasa hautakuwepo.

Hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo maandishi mafupi wayasome, kundi moja likayasoma kwa vipindi vinne, kundi lingine likasoma kipindi kimoja halafu likafunga na kuandika kila linachokumbuka, mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, walikumbuka kama asilimia 83 na wenzao 71. Ila baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliorudia kusoma wakabaki na asilimia 40 hivi, waliojipima wakabaki na 61. Na cha kuumiza zaidi ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa wanaamini zaidi kwamba watakumbuka. Kwa hiyo ile hali ya kujisikia umeiva sio kipimo, usiiamini.

Sasa unafanyaje. Soma sehemu ndogo, kurasa tatu nne zinatosha, soma kwa kutaka kuelewa sio kumaliza, funga, chukua karatasi tupu andika au chora ulichobaki nacho kwa maneno yako. Utakwama, na hapo kwenye kukwama usikimbilie kufungua, jikamue kwanza hata dakika moja mbili. Alafu fungua, chukua peni ya rangi nyingine jazia ulivyosahau na sahihisha ulivyokosea. Hiyo rangi ya pili ndio inakuonyesha cha kusoma kesho, mengine unayo tayari. Yule binti nilimfanyisha hivyo pale pale ofisini, mara ya kwanza maneno mawili, mara ya pili akafika kwenye mirija midogo lakini hakujua inafanya nini, tukarudi kitabuni akakuta kwamba figo zinachuja kama lita 180 kwa siku na mkojo unaotoka ni lita moja au mbili tu. Akaniangalia, sasa hayo maji mengine yote yanaenda wapi? Kumbe ndio kazi ya ile mirija, kuyarudisha kwenye damu. Mada ya figo ilimwingia kuanzia hilo swali, na swali lenyewe lisingekuja kama daftari lingebaki wazi.

Jambo la pili ni kuachanisha siku. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, alikariri silabi zisizo na maana yoyote akawa anaangalia zinapotea vipi, matokeo akayachapisha mwaka 1885. Kilichopotea kilipotea fasta mwanzoni, ndani ya saa moja tu zaidi ya nusu, baadae kasi ikapungua. Mada yenye maana haipotei haraka kiasi hicho ila mwelekeo ni ule ule, kwa hiyo saa sita ulizopanga kulipiga somo moja siku moja zigawanye. Mada ya jumatatu ijaribu kwenye karatasi tupu jumanne, ijaribu tena ijumaa, alafu wiki inayofuata. Utakuta umesahau kidogo na utakata tamaa, usikate, ukikitafuta kitu kilichoanza kufifia ukakipata ndio kinakaa vizuri. Ndio maana nawaambia waanze wiki ya kwanza ya semista, ukianza siku tatu kabla huna siku za kuachanisha.

Kwa wa hesabu, fizikia, uhasibu na wengine wenye maswali ya kukokotoa, msifanye maswali ishirini ya aina moja mfululizo. Ukishajua kanuni ni ile ile unakuwa unabadilisha namba tu, na kwenye mtihani hakuna anayekuambia swali hili ni la kanuni gani. Changanya maswali ya mada tofauti, utapata machache mwanzoni lakini utajifunza kutambua lipi linataka nini.

Pasti pepa ni nzuri sana ila wengi wanazitumia vibaya, wanafungua swali na jibu pembeni wanatikisa kichwa, ndio, ndio, naelewa. Hiyo ni kusoma noti tu kwa jina lingine. Ficha majibu, weka saa, andika kwa mkono, ndio usahihishe. Hata diskasheni mkikaa wanne mmoja akaongea na watatu wakasikiliza aliyesoma ni yule mmoja, kila mtu apewe mada aieleze bila karatasi na wenzie wamuulize maswali. Na simu iweke chumba kingine, sio mezani imegeuzwa.

Kuhusu kukesha nakuomba unisikilize. Ulichosoma mchana ubongo unaendelea kukipanga ukiwa umelala, ukikata usingizi unakata kazi ambayo ulishaianza. Lala kwa muda wa saa saba au zaidi, hasa usiku wa kuamkia mtihani. Sura moja ambayo hujaigusa haina thamani ya kuingia chumba cha mtihani umechoka na sura tisa unazozijua zimechanganyikana.

Ukishaingia soma maswali yote kabla hujaandika chochote, angalia maksi, gawa muda. Mtihani wa saa tatu ni dakika 180, kama una maksi 100 basi swali la maksi 20 lina dakika 36, ondoa chache za kupitia mwishoni, unabaki na kama 33. Zikiisha acha nafasi uhamie swali lingine hata kama ulikuwa umenogewa. Ukikwama fanya kama ulivyokuwa unafanya chumbani kwako, pembeni ya karatasi ya rafu andika neno moja unalolikumbuka kwenye hiyo mada, alafu linalofuata.