Jalada la Abbey Road halikuwa tangazo la msiba

Uvumi huu ulienea 1969: Paul McCartney wa bendi ya Beatles alikwishakufa, akawekwa mtu wa kufanana naye, na jalada la albamu ya Abbey Road, ambapo wanabendi wanavuka barabara kwa mstari, ni msafara wa mazishi. Ushahidi? Yuko peku, na gari lililoegeshwa nyuma lina namba iliyosomwa kuwa 28IF (“if” ni “kama” kwa Kiingereza), yaani angekuwa na miaka 28 kama angekuwa hai.

Hesabu yenyewe inagoma. McCartney alizaliwa Juni 1942, hivyo albamu ilipotoka Septemba 1969 alikuwa na miaka 27.

Na hizo nyayo? Agosti 8, mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara, polisi akazuia magari, akapiga picha sita tu. Katika baadhi yake, McCartney amevaa viatu vya wazi.