Kinyume cha namba katika kujumlisha: deni la dukani na nauli ya mwendokasi

Kila namba ina mwenzake: ukizijumlisha, unapata sifuri. Huyo mwenzake ndiye kinyume chake katika kujumlisha. Kinyume cha 7 ni −7, na kinyume cha −7 ni 7. Sifuri ni kinyume chake yenyewe.

Tuingie kwenye daftari la madeni la Mangi, mwenye duka wa Manzese, Dar es Salaam. Mama wa nyumba ya pili kakopa unga na mafuta, kaandikiwa 6,000. Kwa Mangi, hesabu yake ni −6,000. Jioni mwanawe akileta 6,000, jina linakatwa: −6,000 + 6,000 = 0. Akileta 5,000, bado anadaiwa 1,000. Akija na noti ya 10,000, sasa Mangi ndiye mwenye deni, la chenji ya 4,000. Kinyume ni kimoja tu, kile kinachotua sifuri kamili.

Mfano huu wa deni ni mkongwe. Mwaka 628, mwanahisabati wa India, Brahmagupta, alieleza namba chanya kama mali na hasi kama deni, akasema vikilingana jumla yake ni sifuri.

Kwa maoni yangu, deni linafundisha vizuri kuliko mstari wa namba, hasa pale wanafunzi wanapokwama: mbona kutoa hasi kunaongeza? Kutoa namba ni kujumlisha kinyume chake, basi. Mtu ana 3,000 mfukoni na deni la 5,000. Kwa jumla yuko −2,000. Mangi akimsamehe, hesabu ni −2,000 − (−5,000), yaani −2,000 + 5,000 = 3,000. Hakupewa hata senti, ila hali yake imepanda kwa 5,000.

Na usidhani −x lazima iwe hasi. Kama x ni −4, −x ni 4.

Safari zina mtego wake. Panda basi la mwendokasi Kimara hadi Kivukoni, kisha rudi Kimara. Ukihesabu umbali kutoka ulipoanzia, kwenda na kurudi vimefutana: uko sifuri. Nauli je? Umelipa mara mbili, na pengine umesimama njia nzima mara mbili. Kugeuza njia hakuifanyi nauli iwe hasi. Kinyume cha nauli ni kurudishiwa pesa, jambo ambalo kondakta wa daladala atakucheka ukimwomba.

Kuzidisha nako kuna vinyume vyake, ila huko kinachotafutwa ni 1. Kinyume cha 5 huko ni 1/5, na sifuri haina kabisa.