Ufa wa Uchovu kwenye Kidole cha Mguu: Faili Liandikweje, Msimbo Uchaguliweje

Ufa wa uchovu ni nini, na humpata nani hapa Bagamoyo?

Ni ufa mwembamba kwenye mfupa uliofanyishwa kazi ileile mara nyingi mno bila kupumzishwa. Hakuna kuanguka wala kuangukiwa na kitu. Mfupa ulio hai hubomoa sehemu iliyochoka na kujenga mpya. Mazoezi yakiongezwa ghafla, ubomoaji huuacha ujenzi nyuma. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alieleza uvimbe wa miguu kwa askari waliopigishwa kwata ndefu, na baadaye eksirei zikaonyesha kwamba ni mifupa iliyopasuka.

Bagamoyo, mtu wa kumfikiria mapema ni mchezaji wa ngoma: mwanafunzi wa sanaa pale TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), au kijana wa kikundi cha mtaani anayejiandaa kwa tamasha, anayeruka na kukanyaga kwa vidole, peku, saa nyingi mfululizo. Wakimbiaji na wanajeshi wapya wamo pia. Maumivu huanza wakati wa kazi, hutulia akipumzika, kisha siku zikienda hayatulii tena.

Mbona eksirei ya kwanza ilikuwa safi?

Kwa sababu ufa wenyewe ni mwembamba sana. Wiki mbili hadi tatu za mwanzo picha inaweza isionyeshe kitu; kinachoonekana baadaye mara nyingi ni mfupa mpya unaojengeka kuziba ufa. Ukimbonyeza mgonjwa kwa ncha ya kidole juu ya mfupa na akaruka kwa maumivu mahali pamoja tu, andika hivyo, mpumzishe, rudia picha baada ya wiki mbili au tatu. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huona mapema zaidi, ila si kila mgonjwa ataifikia. Mwenye kisukari ambaye mguu umevimba na una joto lakini haumuumi sana, usimwandikie ufa wa uchovu haraka: uharibifu wa maungio unaoletwa na mishipa ya fahamu iliyokufa hufanana nao.

Msimbo wake ni upi?

Kwenye ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ni M84.3, ufa wa uchovu usioainishwa kwingine. Ukitaka kuonyesha sehemu ya mwili, tarakimu 7 inayoongezwa mwishoni ni ya kifundo cha mguu na wayo, vidole vikiwemo. Basi. Hauonyeshi kulia wala kushoto, wala kwamba ni kidole, kwa hiyo hayo lazima yaandikwe kwa maneno kwenye faili.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Anayetafuta msimbo huu mtandaoni hukutana na M84.377A, anauchukua na kuujaza kwenye fomu. Huo ni wa ICD-10-CM, toleo la Marekani linalotumika huko tangu Oktoba 2015. Kama mfumo wenu unatumia toleo la Shirika la Afya Duniani, hautautambua. Lakini ukifanya kazi ya kuandika misimbo kwa kampuni ya Marekani, au ukisomea mitihani yao, lazima uujue mpangilio wake: M84.377 ni kidole au vidole vya kulia, M84.378 vya kushoto, M84.379 ni pale upande haukutajwa. Hiyo ya 379 ikwepe. Ni dalili kwamba mwandishi wa faili hakumaliza sentensi.

Herufi ya mwisho inamaanisha nini?

A ni matibabu yanayoendelea kwa ufa wenyewe, ukiwemo uchunguzi wa daktari mpya. Si "ziara ya kwanza", ingawa wengi huisoma hivyo. D ni ufuatiliaji, mfupa ukipona kawaida. G ni kupona kwa kuchelewa, K mfupa haukuunga, P umeunga vibaya, S madhara yaliyobaki. M84.377 tayari ina herufi na tarakimu sita, hivyo herufi hii inaingia ya saba moja kwa moja bila kuweka X ya kujazia.

Toleo hilo huagiza pia msimbo wa kilichosababisha: kucheza ngoma ni Y93.41, kukimbia Y93.02. Msimbo huu wa shughuli huandikwa mara moja tu, kwenye ziara ya kwanza.

Makosa gani hurudisha madai ya bima?

Kubwa kuliko yote ni kuandika "kidole kimevunjika" na kuishia hapo. Mwenye kuandika misimbo atakwenda S92.4 kwa kidole gumba au S92.5 kwa kidole kingine, yaani mvunjiko wa ajali, na anayekagua atauliza ajali yenyewe ilikuwa wapi. Hakuna ajali. Madai yanasimama.

La pili ni mfupa. Metatasali, ile mifupa mitano mirefu ya unyayo, hupasuka kwa uchovu mara nyingi zaidi kuliko pingili za vidole, na mgonjwa huonyesha palepale karibu na kidole. Ikiwa ni metatasali, Marekani huhesabu ni mguu: M84.374 kulia, M84.375 kushoto. Kidole ni pingili tu.

La tatu: mama mzee mwenye mifupa iliyopungua uzito akivunjika kwa kazi ndogo, hiyo ni M80, si M84.3. Mfupa ulioliwa na uvimbe au ugonjwa mwingine nao una njia yake.

La nne ni kuandika ufa ambao bado ni wa kudhaniwa. Kwa mgonjwa wa nje, kanuni za Marekani zinakataza. Huandikwa dalili, mfano M79.674, maumivu ya kidole cha kulia. Katika ICD-10 ya kawaida maumivu ya kiungo ni M79.6.

Tabibu aandike nini hasa?

Sentensi kama hii inatosha: "Ufa wa uchovu, pingili ya kwanza ya kidole gumba, mguu wa kulia. Maumivu wiki tatu, yalianza baada ya kuongeza mazoezi ya ngoma kutoka saa moja hadi saa tatu kwa siku. Hakuna ajali. Eksirei ya pili inaonyesha mfupa mpya. Hana historia ya mifupa kupungua uzito. Kiatu chenye soli ngumu, hakuna kuruka wiki sita, arudi baada ya wiki tatu."

Ina sababu, mfupa, upande, ushahidi na hatua ya uponaji. Mtunza kumbukumbu hana haki ya kujaza kinachokosekana kwa kubuni, hata kama anamfahamu mgonjwa. Faili linarudi kwa aliyeliandika, aongeze, atie tarehe na sahihi.

Mgonjwa anaweza kusaidiaje?

Taja mguu upi, kidole kipi, ulianza lini na ulikuwa ukifanya nini. Usiseme "nilijikwaa" ili tu kupata maelezo ya haraka kama hukujikwaa. Neno hilo moja hugeuza ugonjwa kuwa ajali kwenye karatasi zote zinazofuata. Ukipewa ED (karatasi ya kupumzishwa kazi), angalia kama utambuzi ulioandikwa humo unalingana na ulio kwenye fomu ya bima, kabla hujatoka dirishani.