Mwisho wa mstari: kinachobadilika faili la maandishi likihama Windows kwenda Linux

Andika "Hujambo", bonyeza Enter, andika "Sijambo". Kwenye kioo unaona mistari miwili. Ndani ya faili hakuna mistari; kuna namba zilizofuatana tu, na pale ulipobonyeza Enter imewekwa alama ya kusema mstari umeishia hapo. Alama hiyo ndiyo ambayo mifumo endeshi haikukubaliana.

Linux, kama mfumo endeshi wa Unix ulioitangulia, huweka namba 10 peke yake. Windows huweka mbili: 13, halafu 10. Mac za zamani, hadi Mac OS 9, zilitumia 13 peke yake, kisha Mac OS X ya mwaka 2001, iliyojengwa juu ya Unix, ikahamia kwenye 10. Kugeuza faili kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine ni kubadilisha alama hizo. Maneno hayaguswi.

Chanzo ni teleprinta, mashine zilizopokea ujumbe kwa waya na kuuchapa kwenye karatasi. Mstari ukiisha, kazi zilikuwa mbili: kichwa cha kuchapia kirudi kushoto, na karatasi isogee juu. Kila kazi ilikuwa na amri yake, na katika ASCII, orodha inayopa kila herufi na amri namba yake, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, amri hizo zilipewa namba 13 na 10. Mfumo endeshi wa zamani wa CP/M ulizibakiza zote mbili, MS-DOS, mfumo uliokuja baadaye, ikazichukua kutoka huko, na Windows ikarithi kwa MS-DOS. Waliotengeneza Unix waliona alama moja ndani ya faili inatosha. Mashine ikihitaji ile ya pili, mfumo utaiongeza wakati wa kuchapa. Kwa maoni yangu wao ndio waliofikiri vizuri, ila urithi haufutiki kirahisi.

Leo usumbufu huonekana zaidi kwa anayeandika skripti (faili la amri) kwenye Windows na kuipeleka kwenye seva ya Linux. Mstari wa kwanza unaagiza bash, programu ya kutekeleza amri hizo, lakini mwishoni mwake imeganda ile 13 isiyoonekana. Linux inatafuta programu ambayo jina lake linaishia na alama hiyo, haiipati, inakataa. Kwenye ujumbe wa kosa utaona ^M, ambayo ndiyo hiyo 13. M ni herufi ya 13 ya alfabeti ya Kiingereza. Upande wa pili, Notepad, programu ya Windows ya kuandikia, ilikuwa ikifungua faili la Linux na kuonyesha kila kitu kimeungana katika mstari mmoja, mpaka ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018.

Dawa ni nyepesi. Kwenye Linux, amri ya dos2unix ikifuatwa na jina la faili huondoa 13 zilizozidi, na unix2dos huzirudisha. Anayetumia VS Code, programu ya kuandikia msimbo, ataona chini kulia LF (10 peke yake) au CRLF (13 na 10). Abofye, achague, ahifadhi.

Ila usiguse picha, video wala faili la zip kwa amri hizi. Humo 13 na 10 ni sehemu ya data yenyewe, na ukiziondoa faili linaharibika. Waliobuni picha za PNG walilijua hilo: kati ya namba 8 zinazofungua kila PNG wameweka kwa makusudi 13 na 10 pamoja, na mwishoni 10 peke yake, ili faili likigeuzwa kimakosa kama maandishi, programu ya kufungulia igundue mara moja.