Kwa nini mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi dawa ya kuongeza damu siku za mwanzo

Wazazi wengi hushangaa: mtoto amelazwa kwa utapiamlo mkali, viganja vimepauka, damu iko chini, lakini daktari haandiki dawa ya madini ya chuma. Huo si uzembe. Kwa mtoto huyo, chuma cha mapema chaweza kuleta madhara.

Mwili unapotumia chakula kupata nguvu, au unapopambana na vijidudu, huzalisha radikali huru, molekuli zisizotulia zinazoharibu kuta za seli, protini na vinasaba. Antioksidanti huzizima. Baadhi hutoka moja kwa moja kwenye chakula, kama vitamini C na E. Nyingine mwili hujitengenezea, ila nazo zinahitaji protini, zinki, shaba na seleniamu. Mtoto mwenye utapiamlo hupungukiwa na hivyo vyote, na mara nyingi anaharisha au ana nimonia, maradhi yanayozidisha radikali hizo.

Mfano ulio wazi ni glutathaioni, antioksidanti ambayo mwili hujitengenezea. Watoto wenye kwashakoo, yaani waliovimba, hukutwa nayo kidogo kuliko waliokonda bila kuvimba. Mwaka 1987, watafiti Golden na Ramdath walitoa hoja kwamba radikali huru ndizo chanzo cha kwashakoo. Je, tukiwapa watoto antioksidanti hawataugua? Jaribio lililofanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 2005, likihusisha zaidi ya watoto 2,000, lilitumia vitamini E, riboflavini (vitamini B2), seleniamu na N-asetilisisteini, ambayo mwili huitumia kutengeneza glutathaioni. Kwashakoo haikuzuilika. Kwa hiyo msitumie fedha zenu kununua vidonge vya antioksidanti; mtoto anahitaji matibabu kamili ya lishe.

Turudi kwenye chuma. Protini inayokibeba kwenye damu huwa imepungua, na chuma kinachobaki huru huchochea radikali kali zaidi, tena hulisha vijidudu. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka kisubiri hadi mtoto apate hamu ya kula na aanze kuongezeka uzito, kwa kawaida wiki ya 2. Maziwa ya F-75, yaani maziwa maalumu ya matibabu ya siku za mwanzo, hayaongezwi chuma. Chakula dawa, yaani chakula cha matibabu kinacholiwa bila kupikwa, tayari kina chuma ndani yake, hivyo mtoto anayekitumia haongezewi chuma kingine.

Nyumbani, ili kujua kama mtoto amevimba, bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba. Mashimo yakibaki, mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama mashavu yake yanaonekana yamejaa.