Siku tano ndani ya Korongo la Fish River: dhana potofu na ukweli

Wengi wanaojiandaa kutembea kwa miguu katika Korongo la Fish River, kusini mwa Namibia, huuliza kwanza habari za chui. Chui wapo, ila ni nadra kumwona hata mmoja. Cha kuulizia kwanza ni maji.

"Mbingu safi, basi mto hauna hatari." Mto huu unaanzia milima ya Naukluft, mbali sana kaskazini. Mvua ikinyesha huko, mafuriko yanaweza kukukuta chini ya jua kali. Wakenya hawajasahau korongo la hifadhi ya Hell's Gate, Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yalipowasomba watu 7. Ndiyo maana njia ya Fish River hufunguliwa Mei 1 hadi Septemba 15 tu, msimu wa ukame. Katika miezi ya joto, njia ikiwa imefungwa, joto la huko hupita nyuzi 40. Hata msimu ukiwa mzuri, kabla ya kulala tazama vichaka vya kando ya mto. Vijiti na majani makavu yaliyonasa matawini yanaonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Lala juu ya hapo.

"Vukia palipo pembamba." Hapana, tafadhali! Maji yakibanwa hupata kina na kasi. Tafuta palipo papana, yanapotawanyika juu ya kokoto. Kabla ya kuingia, fungua mikanda ya shanta ya kiunoni na kifuani, ili ukianguka ulivue mara moja. Geukia mkondo unakotoka, tanguliza fimbo, sogea kiubavu. Viatu usivue, mawe ya chini yanateleza. Mkondo wa kasi ukipita magoti, ngojeni.

"Maji yanayotiririka ni safi." Mifugo hunywa huko juu, na vijidudu vya kuharisha havionekani kwa macho. Chemsha.

"Ni korongo la pili kwa ukubwa duniani." Imeandikwa mno, bila kutaja kipimo. Lina urefu wa kama kilomita 160, upana hadi kilomita 27 na kina cha mita 550. Korongo la Colca, nchini Peru, lina kina cha zaidi ya mita 3,000.

"Kushuka ni rahisi." Siku ya kwanza, kutoka ukingoni karibu na kambi ya Hobas, njia inakoanzia, unateremka mteremko mkali, mahali pengine ukishika minyororo, na shanta ndiyo kwanza limejaa chakula cha siku zote. Magoti huumia hapo kuliko popote. Ukishafika chini, usitegemee duka wala mtandao wa simu kwa kama kilomita 85, mpaka Ai-Ais, mwisho wa njia. Njia za kutokea katikati ni chache, nazo ni za kupanda. Wapo wanaolalamikia sharti la cheti cha daktari na kundi lisilopungua watu 3. Mimi naliunga mkono kabisa: mmoja akivunjika mguu, wa pili anabaki naye, wa tatu anakwenda kutafuta msaada.