Mwanao yuko mahabusu? Mpelekee na dawa zake

Mzazi akisikia mwanawe kapelekwa Mahabusu ya Watoto pale Upanga, Dar es Salaam, hukimbilia na nguo, sabuni na kandambili. Dawa na kadi ya kliniki vinasahaulika kabatini. Mimi ofisa ustawi wa jamii ningependa uanze na hivyo viwili.

Mahabusu ya watoto si gereza, ingawa mtaani wengi huita hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu kifungo aliye chini ya miaka 18. Pale anasubiri kesi yake, na haki ya kutibiwa anaingia nayo getini.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru zinataka apimwe na daktari mara tu anapopokelewa: ionekane kama alipigwa kabla ya kufika, na ijulikane anaumwa nini. Hilo la pili halikamiliki bila wewe. Kijana wa miaka 14 hatajitangaza mbele ya wenzake kwamba ana kifafa au selimundu (sikoseli). Dozi ya kifafa ikikatika ghafla, degedege hurudi, pengine kwa kishindo kuliko mwanzo. Mwenye selimundu akikosa maji ya kutosha au akipigwa na baridi usiku, mifupa huanza kumuuma. Dawa ziende katika pakiti zake, jina na dozi vikisomeka. Vidonge vilivyoviringishwa kwenye kipande cha gazeti hakuna muuguzi atakayethubutu kumpa mtoto. Usimpe mwanao dawa mkononi. Mkabidhi mhudumu, aandike mbele yako.

Siku ya kumtembelea, mtazame katikati ya vidole. Vipele vinavyowasha zaidi usiku huenda ni upele wa kuambukiza (scabies), na kumtibu yeye peke yake ni kazi bure: wote wanaolala naye chumba kimoja watibiwe pamoja, mashuka na nguo zifuliwe.

Kanuni hizohizo zinapiga marufuku dawa kutumika kama adhabu, au kumlainisha mtoto ili aseme. Kwa hiyo popote alipowekwa, akikwambia anapewa vidonge na kushinda amesinzia, uliza ni dawa gani, ya ugonjwa gani, na daktari yupi kaiandika. Mzazi anayeulizia afya ya mwanawe ana haki ya kujibiwa, na hali ikibadilika sana anapaswa kuambiwa hata kabla hajauliza.